Gemu za zamani za treni zimerudi dukani: ninunue ao nibaki na ya bure?

"Fundi, jambo yenu. Niko huku Katuba, Lubumbashi. Zamani kaka yangu alikuwa na kompyuta ya Windows 98 na CD ya Transport Tycoon Deluxe, tulikuwaka tunacheza mpaka umeme unakatwa. Sasa niko na laptopu ya okazyo (iliyotumika), RAM giga 4, skrini 1366 kwa 768, Windows 10, na kijana wangu wa miaka 11 anayependa treni. Naona Steam na GOG, maduka ya gemu ya intaneti, wanauza tena hizi gemu za zamani, Railroad Tycoon, Locomotion na zingine za namna ile. Rafiki mmoja anasema nisitupe dola zangu, eti kuna ya bure inaitwa OpenTTD. Mwingine anasema hiyo ya bure ni ya wizi, itaniletea virusi. Wa tatu anataka kuniwekea gemu zote mu fleshi kwa dola 3. CD ya kaka bado ninayo, nilikopa draiva ya nje, ikasoma lakini gemu ikakataa kufunguka. Je, inafaa ninunue? Na kweli bado zinapendeza, ao ni sisi tu tunakumbuka utoto? Mega za intaneti ni bei, sitaki kupakua kitu halafu nifute."

Jambo sana ndugu yangu, na aksanti kwa kuandika kila kitu mpaka kipimo cha skrini, maana watu wengi wananiuliza tu "gemu itatembea?" bila kuniambia inatembea mu mashine gani.

Nikujibu kwanza halafu tueleze. Kwa Transport Tycoon usitoe hata dola moja leo, chukua OpenTTD, na ile CD ya kaka yako uitunze maana bado iko na kazi. Kwa Railroad Tycoon II, lipa, inafaa. Locomotion ni ya kufikiria, tutaona. Fleshi ya dola 3, achana nayo kabisa.

Tuanze na CD, juu najua ile ilikuumiza, umetafuta draiva, umeweka, unaona faili zote zimejipanga pale, unabonyeza, hakuna kitu. CD haijakufa. Transport Tycoon ya Chris Sawyer, mtu aliyeitunga, ilitoka 1994, Deluxe ikafuata 1995, ziliandikwa kwa DOS, na Sawyer aliandika karibu yote kwa asembli, ile lugha ya chini kabisa unayoongea na prosesa moja kwa moja, njo maana mashine ndogo za wakati ule ziliweza kubeba treni zote zile bila kuhema. Windows 98 ya kaka ilikuwa bado inaongea na DOS. Laptopu yako karibu hakika iko na Windows ya biti 64, na hiyo haikubali tena programu za DOS wala za biti 16, mlango ule ulifungwa. Hata CD nyingi za wakati wa Windows 95, gemu yenyewe ni biti 32 inaweza kutembea, lakini programu ya kuiweka ni biti 16, inafia mlangoni. Na kama uko na CD za miaka ya 2000 zinazokataa pia, hizo mara nyingi shida ni kufuli inayoitwa SafeDisc, iliyokuwa inachunguza kama CD ni ya kweli: Microsoft waliondoa draiva yake mu Windows 10, tangu pale hata CD halali uliyolipia inakataliwa sawa na ya kunakili. Ni kusema usilaumu draiva ya nje uliyokopa, irudishe kwa mwenyewe na shukrani.

Sasa duka linapokuuzia tena gemu ya 1995 ao 1998, linakuuzia nini hasa? Hapa watu wengi wanajidanganya, wanaona neno "imetolewa upya" wanafikiri picha zimechorwa upya. Mara nyingi hapana. Gemu ni ile ile, baiti kwa baiti. Unacholipia ni kazi ya mtu aliyeketi akaifanya ikubali kufunguka mu mashine ya leo, pamoja na ruhusa ya mwenye mali. Kwa hiyo kabla ya kulipa jiulize jambo moja tu: huyu mtu alifanya kazi gani?

Kuna mwenye kuifunga gemu ndani ya DOSBox na kuishia pale. DOSBox ni programu ya bure inayojifanya kompyuta nzima ya zamani, prosesa yake, kadi yake ya sauti, kila kitu, gemu inafikiri bado iko 1995. Inafanya kazi vizuri, lakini kujifanya kunakula nguvu, kila amri ya ile prosesa ya zamani inabidi itafsiriwe moja baada ya nyingine. Njo pale watu wanashangaa: "fundi, mashine yangu ni mpya mara mia kuliko ya kaka, kwa nini treni zinakwamakwama?" Ni ile tafsiri. Ukikutana nayo, bonyeza Ctrl na F12 kuongeza kasi, Ctrl na F11 kupunguza, ongeza kidogo kidogo mpaka muziki usikatike, ukipita kipimo laptopu dhaifu itazidiwa na mambo yatakuwa mabaya kuliko mwanzo. Haya ungeweza kuyafanya mwenyewe na CD ya kaka bila kulipa mtu, inachukua labda saa moja ya uvumilivu.

Kuna mwingine aliyefanya kazi zaidi, amerekebisha rangi, amefungua skrini pana, ameondoa kufuli ya CD. Na kuna wale wachache waliochora upya na kuandika upya. Bei zinaweza kulingana lakini kazi hailingani hata kidogo, kwa hiyo soma maelezo ya dukani, angalia picha za skrini, na soma maoni ya watu walionunua mwaka huu, hapana ya miaka kumi iliyopita juu Windows inabadilika.

Skrini yako nayo nimefikiria. Transport Tycoon ya zamani inajichora kwa nukta 640 kwa 480. Wewe uko na 1366 kwa 768. Ukiikuza mpaka ijaze urefu wote, 768 gawanya kwa 480 unapata 1.6, ni kusema nukta moja ya zamani inatakiwa ichorwe kwa nukta moja na nusu na kidogo, haiwezekani, basi nyingine zinakuwa pana nyingine nyembamba, maandishi yanaonekana kama yamelowa maji. Na upana unafika 1024 tu, kwa hiyo utaona ukanda mweusi wa nukta 171 kila upande. Ukilazimisha ijaze skrini yote, behewa zinanenepa. Si ugonjwa, ni hesabu, lakini macho yanachoka na mtoto wa miaka 11 aliyezoea simu atakuuliza kwa nini iko hivi.

Sasa OpenTTD, na hapa nataka nimjibu yule rafiki wa pili. OpenTTD si ya wizi. Mu 2004 mtu anaitwa Ludvig Strigeus alichunguza Transport Tycoon Deluxe inavyofanya kazi ndani, akaiandika upya kwa lugha ya kisasa, na tangu pale kundi la watu wa kujitolea wameendelea nayo bila kusimama. Mwanzoni ilikuwa kweli inadai picha na sauti za CD ya asili, bila ile CD haichezeki, labda njo pale uvumi ulianzia. Lakini waliochora walichora picha zao wenyewe, sauti zao, muziki wao, na toleo la 1.0 la mwaka 2010 likawa linasimama kwa miguu yake. Programu iko chini ya leseni ya GPL, mtu yeyote anaruhusiwa kuichukua, kuisoma, kumpa mwenzake. Virusi vinatoka pale unapoichukua fasi nyingine. Ichukue kwenye tovuti yake yenyewe, openttd.org, hapana kwenye ukurasa wenye vibonyezo vya kijani vinavyometameta.

Na ukubwa wake? Programu pamoja na picha haifiki hata megabaiti 100. Video ndefu moja tu unayotumiwa kwa simu inaweza kupita pale. Na haipiti kwa DOSBox, inaongea na Windows yako moja kwa moja, kwa hiyo RAM 4 inatosha na kubaki. Skrini inajaza yote bila kunenepa, vibonyezo unaweza kuvikuza mara mbili. Ramani ya asili ilikuwa 256 kwa 256, hii inafika 4096 kwa 4096, lakini usimfungulie mtoto ramani kubwa namna ile, atapotea na prosesa itaomba huruma, anza na ile ya 256.

CD ya kaka inarudi hapa. Tafuta ndani yake faili zinazoanza na herufi TRG na kuishia na GRF, pamoja na moja inayoitwa SAMPLE.CAT. Zinakili uziweke mu folda ya OpenTTD inayoitwa baseset, halafu mu mipangilio ya gemu uchague picha za asili badala ya zile za bure zinazoitwa OpenGFX. Hautakuwa tena na picha zinazofanana na za utotoni, zitakuwa zile zile, na honi ya treni ile ile. Inabidi iwe Deluxe, CD ya 1994 isiyo Deluxe haikubaliki, na wewe umesema ni Deluxe kwa hiyo uko sawa. Hata ukikuta duka linauza Transport Tycoon Deluxe, faida kubwa ya kuilipia kwa mtu asiye na CD ni hizo faili na kumheshimu mwenye mali. Wewe ulishalipa, ao kaka yako alishalipa.

Tufike pale pa utoto, maana hilo njo swali lako la kweli na nimelifikiria muda mrefu.

Likizo iliyopita nilimkalisha mtoto wa dada yangu, binti wa miaka 12, mbele ya OpenTTD. Nilimchagulia hali ya hewa ya joto, ile ya jangwa na msitu, juu mule kuna migodi ya shaba, na sisi huku ni watu wa shaba, mkoa wenyewe wa Katanga uliwahi kuitwa Shaba kwa zaidi ya miaka 20. Nilimwambia tu: toa shaba pale mgodini, ipeleke kiwandani. Sikumwambia kingine. Akajenga reli, moja tu, yenye kona nyingi kama mto kwa sababu alikuwa anakwepa vilima. Akanunua treni ya mvuke na behewa tano. Ikafika mgodini, ikabeba tani chache, ikaondoka karibu tupu, ikachukua muda mrefu njiani, ikalipwa pesa ya huruma. Akaniangalia. Nikanyamaza.

Akabonyeza kituo, akaona asilimia inashuka. Kile ni kipimo cha mgodi unavyokuridhikia: treni ilipita lini mara ya mwisho, ina kasi gani, mzigo gani umelala pale unangoja. Kikishuka mgodi unakupa mzigo kidogo, na ukipewa kidogo treni inaondoka tupu zaidi. Akaielewa ile duara mwenyewe bila mimi kufungua mdomo. Akaamuru treni ingoje mpaka ijae, asilimia ikapanda polepole, na alipofurahi akanunua treni ya pili. Treni ya pili ikakaa mu depo. Haitoki. Akaibonyeza mara kumi. "Mjomba, imekufa?"

Haikufa. Mu hii gemu reli isiyo na sinyali inahesabiwa kuwa kipande kimoja kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na treni iliyo mu depo haitatoka kama kuna treni nyingine popote mu kipande kile. Ni usalama. Nikamchukua nje tukatembea, nikamwambia juu ya reli ya kweli ya njia moja, treni inangoja kwenye kituo mpaka ile inayotoka mbele ipite, kwa hiyo kila umbali fulani kunajengwa fasi ya kupishana. Akarudi, akajenga njia ya pili fupi katikati, akaweka sinyali kwenye kila mlango wa kutokea, na treni zake mbili zikapishana pale kwa mara ya kwanza, ya kwenda ikasimama, ya kurudi ikapita, ile iliyosimama ikaondoka. Alipiga kelele mpaka dada yangu akaja kutoka jikoni na mwiko mkononi.

Yeye hakuwa na utoto wowote wa kukumbuka mu ile gemu. Hakuwa amezaliwa. Kwa hiyo jibu langu ni kwamba furaha haitoki kwa kumbukumbu, inatoka kwa namna gemu ilivyoundwa: inakulipa kwa umbali kati ya vituo viwili, kwa wingi wa mzigo, na kwa siku ulizotumia. Umbali unaopimwa ni wa kituo kwa kituo, urefu wa reli uliyojenga hauhesabiwi, kwa hiyo kila kona unayoweka unailipia mara mbili, unailipia kuijenga na unailipia kwa muda. Binti akishaelewa hilo akabomoa ule mto wake akanyoosha. Hakuna aliyemwambia. Na hii ni hesabu ile ile ya kweli ya mji wetu, reli kutoka kusini ilifika hapa 1910, na mwaka uliofuata, 1911, njo shaba ya kwanza ikayeyushwa hapa. Mwambie kijana wako hilo siku mtakapopita karibu na reli, halafu mfungulie gemu.

Lakini nikuambie ukweli wote, kuna vitu vimezeeka vibaya. Kampuni za wapinzani zinazoendeshwa na kompyuta mu Transport Tycoon ya asili ni za kusikitisha, zinajenga reli za ajabu zinazozunguka mlima mara tatu na kuziacha. Gemu haikufundishi kitu, inakutupa 1950 na mkopo na kukuacha. Vidirisha vinafunikana. Treni zinaharibika njiani kila wakati, moja ikisimama zote nyuma zinasimama, na mtoto atakata tamaa, mu OpenTTD nenda kwenye mipangilio upunguze kuharibika ao uzime kabisa mpaka ajifunze, na mfumuko wa bei pia uzime. Na wewe mwenyewe jiandae, labda utacheza saa mbili ukiwa na furaha kubwa halafu siku ya tatu usifungue. Inatokea. Njo maana nasema anza na ya bure, kama baada ya wiki mbili bado mnafungua, pale unajua dola zako ziende wapi.

Na hapo njo nakwenda Railroad Tycoon II. Hii ni ya 1998, ilifanywa na kampuni ya PopTop, na hakuna kitu cha bure ninachokijua kinachoishika vizuri. Treni mule ni nusu ya gemu, nusu nyingine ni soko la hisa. Wewe ni mtu, kampuni ni kitu kingine, uko na mfuko wako na kampuni iko na wake, unaweza kununua hisa za adui, unaweza kununua kwa pesa ya kukopa. Mara ya kwanza nilikopa mpaka koo, uchumi ukageuka, hisa zikashuka, nikauziwa kila kitu wakati treni zangu zenyewe zinatembea vizuri na abiria wamejaa. Nilikaa nikiangalia ukuta. Mpaka leo ninapoeleza watu kwa nini mkopo wa kununulia biashara ya mwenzako ni hatari, natumia ile jioni. Kwa kijana wa 11 labda ni mapema kidogo, kwako wewe ni wakati wake. Ni ndogo, haifiki giga moja, laptopu yako haitaisikia.

Railroad Tycoon 3 ya 2003 ni ya picha tatu-pande, wazo lake zuri ni kwamba mizigo inajitembeza yenyewe polepole kufuata fasi yenye bei nzuri, hata bila treni, na treni yako inaharakisha tu kile ambacho kingetokea. Inunue ikishuka bei. Sid Meier's Railroads! ya 2006 inapendeza macho, watoto wanaipenda, lakini kwenye kompyuta inajulikana kwa kuzimika yenyewe ramani ikijaa, kuna toleo la simu lililotoka 2023, ni jingine, lenyewe limefanyiwa kazi.

Locomotion, hii ni ya Sawyer mwenyewe, 2004, watu walikuwa wanaingoja kama Transport Tycoon ya pili, na ilipofika wengi walihuzunika, wapinzani wanajaza ramani kwa reli za takataka na kujenga kwenyewe ni kwa vipande vipande vinavyochosha. Kama imetolewa ilivyo, singeilipa. Kinachoiokoa ni OpenLoco, kazi ya watu wa kujitolea kama ile ya OpenTTD, inaifanya ifunguke vizuri mu mashine za leo na kurekebisha mengi, ila bado inadai faili za asili, kwa hiyo hapa kulipa kuna maana: unanunua Locomotion kupata faili, unacheza kwa OpenLoco. Fanya hivyo baadaye, kama mambo ya tramu na barabara yanakuvuta. Transport Fever 2 na wenzake wa kisasa usiziguse na hiyo laptopu, ni giga nyingi na zinadai kadi ya picha.

Juu ya kununua kwenyewe. GOG na Steam wanatofautiana kwa jambo linalotuhusu sana huku. GOG wanakupa faili ya kuinstali unayoweza kuhifadhi, unaipakua mara moja pale penye koneksyoni nzuri, ofisini ao kwa rafiki mwenye waifai, unaiweka mu fleshi yako, unaenda nayo nyumbani, unaiweka bila mega hata moja, na mwaka kesho laptopu ikifa unaiweka mu nyingine. Steam wako na namna ya kucheza bila intaneti lakini lazima uingie kwanza ukiwa na koneksyoni, na siku nyingine inataka uingie tena. Kurudisha pesa, Steam ni ndani ya siku 14 na usiwe umecheza zaidi ya saa mbili, GOG ni siku 30 kama gemu inakataa hata baada ya kusaidiwa, ao umebadili mawazo, usitumie tu vibaya huo wema wao. Utahitaji kadi ya Visa, ile ya prepaid ya benki inatosha. Weka mule kiasi cha gemu na kidogo cha makato, usiweke mshahara. Na usiharakishe, hizi gemu za zamani zinashuka bei mara nyingi kwa mwaka.

Fleshi ya dola 3. Simsemi vibaya rafiki yako, labda ni mtu mzuri anatafuta maisha, lakini yeye mwenyewe hajui ile faili imepita mikono mingapi. Nimeshafungua mashine nyingi za watu waliowekewa "gemu zote" kwa namna ile. Mmoja alikuwa mwalimu, picha zote za ndoa na masomo yake ya miaka sita zilifungwa na kirusi kinachodai pesa, na sikuweza kumsaidia, nilimrudishia laptopu na kichwa chini. Na wewe uko Windows 10, ambayo Microsoft waliacha kuihudumia bure kwa kawaida tangu Oktoba 14, 2025, kwa hiyo kama haujajiandikisha kwa ule msaada wa ziada, matundu mapya hayazibwi. Watu watakuambia gemu ya zamani imeachwa na mwenyewe basi ni ya wote, hapana, haki haifi kwa sababu gemu imezeeka, na duka likiirudisha sokoni njo ushahidi kwamba mwenyewe yuko hai.

Umeme: fungua mipangilio ya OpenTTD, weka ijihifadhi yenyewe kwa muda mfupi kabisa unaoruhusiwa, maana betri ya okazyo najua zinavyokuwaka, inaonyesha asilimia 40 halafu giza. Na ile folda ya "save" inakili mu fleshi mara moja kwa wiki, mtoto akipoteza mji alioujenga mwezi mzima atalia kweli.

Kuna mambo ambayo maandishi yangu hayawezi kukusaidia, uende kwa fundi akaishike mashine kwa mkono. Kama laptopu inazimika yenyewe baada ya dakika 20 za gemu, hata gemu ndogo kama hizi, usibadilishe mipangilio, ni joto: vumbi jekundu la kiangazi linaziba feni na njia ya hewa, mwambie fundi aifungue asafishe na abadili ile pasta ya prosesa, usipulize kwa mdomo maana mate yanaingia. Kama unasikia diski inagonga tik tik, zima sasa hivi, usiinstali kitu chochote, toa kwanza picha na karatasi zako muhimu kupitia fundi. Skrini ya bluu inayorudi na namba ile ile, ipige picha kwa simu umpelekee. Na kama taa za nyumba huwa zinapanda na kushuka jioni, tafuta stabilizatere kabla ya gemu yoyote, hiyo dola kumi na kitu itaokoa laptopu nzima.

Kwa leo fanya hivi: nenda fasi yenye koneksyoni, pakua OpenTTD, rudi nyumbani, kopa tena ile draiva ya CD siku moja, toa zile faili za TRG. Mfungulie kijana ramani ndogo yenye migodi ya shaba, zima kuharibika kwa treni, halafu mwachie mausi. Treni ya pili ikikataa kutoka mu depo, usimwambie kwa nini haraka, mpe kama dakika kumi.